Nguchiro Ameshiba

Zamani, ila si zamani sana maana pasipoti zilikuwapo, Nguchiro alihamia nchi ya barafu ng'ambo ya bahari. Jirani yake huko, Pengwini, alikuwa akipika samaki.

"Utakula?"

"Ah, usijisumbue jirani, nimeshiba," alijibu Nguchiro. Kwao, mgeni mwenye adabu hukataa mara mbili, mpaka avutwe mkono ndipo ale.

"Haya," akasema Pengwini, akafunika sufuria.

Siku ya nne, mbavu zikihesabika, Nguchiro akamweleza mila hiyo. Pengwini akacheka hadi akateleza. "Huku ukiwa na njaa, sema!"

Nguchiro akajifunza kusema. "Nitakula, na kichwa pia nipe!" Akanenepa.

Mwaka uliofuata akaja shangazi yake, siku mbili njiani bila kutia kitu mdomoni.

"Shangazi, utakula?"

"Ah, nimeshiba mwanangu."

"Haya," akasema Nguchiro, akafunika sufuria.

Shangazi akaitazama sufuria kama anayeaga maiti. Pengwini, aliyekuja kumsalimu mgeni, akaruka, akaifunua, akamvuta mkono. "Shangazi, hatukubali! Huondoki hapa bila kuonja. Tonge moja tu!"

Shangazi akala samaki saba. Akajifuta mdomo, akamwambia Pengwini, "Ahsante mwanangu, umelelewa." Kisha akamgeukia Nguchiro, akamtazama juu hadi chini.

"Na huyu jirani yako," akamuuliza Pengwini, "ni mtu wa wapi?"