Pumzi ya Singano

Gari lililobeba maiti ya Singano lilikuwa limeshapinda kona ya soko. Nyamizi aliachwa, ndugu wa marehemu walisema mchumba si mke. Akarudi maabara kwa miguu.

Kwenye chupa, fuwele za shaba zilikuwa zimeota, buluu tupu. Mtungi wa hewa ukaa, inayoshikanisha chembe za shaba kuwa minyororo, ulipowaishia, Singano alipuliza pumzi yake kwa mrija ndani ya maji ya chupa ile, akitania, "Nikikuoa, hununui mtungi tena!"

"Tuzichome, dada," alisema Kiluwa, mwenzao. "La sivyo hatutajua zimeshika hewa kiasi gani."

"Hewa gani, kaka? Hiyo ni pumzi yake."

"Najua. Na kazi hii ni yake pia."

Nyamizi akazitia mwenyewe kwenye mashine ya kupasha na kupima uzito. Buluu ikageuka nyeusi, hewa ikizitoka. Kiluwa akanyanyuka kufungua dirisha.

"Liache," alisema Nyamizi, akavuta pumzi ndefu.

Kazi ilichapishwa kwa majina matatu. Kiluwa alihamia kiwanda cha saruji. Ndugu wa Singano walilijengea kaburi lake. Nyamizi aliolewa na fundi saa, akazaa mabinti, na kaburi lile hajapata kuliona.