Akaunti ya Faki

Jana nilifuta paswodi zote kwenye tovuti ya zamu za kusafishwa damu. Wagonjwa walizisahau kila mara. Nikaweka kitufe kimoja: ingia kwa akaunti ya Google.

Alasiri hii, kwenye benchi la wagonjwa hospitalini, bibi mmoja amekibonyeza mbele yangu. Simu yake ikaandika: "Karibu, Faki."

"Faki ni nani, bibi?"

"Si fundi simu wetu hapa Likoni? Katufungulia simu zetu sote, kwa imeili yake."

Benchi zima likaitikia kwa kichwa.

Mfumo umewahesabu wote mtu mmoja, na paswodi nilizofuta hazirudi.

Vidole vya bibi vimevimba, pete imezama nyamani.

"Mwanangu, mbona simu yaniambia nishasafishwa damu asubuhi?"