Gereji ya Bravin

"Hayo matundu utayarudia," Nyamongo alimwambia fundi Osoro, akiunyooshea ukuta wa gereji fimbo. "Umeyaweka yote juu. Hewa ya moto itoke, sawa, lakini ya baridi itaingilia wapi? Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

Osoro akamtazama Bravin, mwenye nyumba. Bravin akamtazama baba yake, kisha akamwashiria fundi atii.

Kabla ya kustaafu Nyamongo alikuwa mkaguzi wa shule, na hakuwahi kuingia darasa likamridhisha. Alipofiwa na mkewe, Kwamboka, mwanawe alimtoa Masimba akamleta kwake Kiogoro, akampa chumba kizuri kando ya sebule. Hapo akaendeleza ukaguzi. Chai ya Edinah, mke wa Bravin, aliiita maji ya kusuuzia vikombe. Ugali wake wa wimbi ulikuwa na mchanga. Alivyokunja nguo, alivyocheka kwenye simu, alivyofunga mlango, yote yalikuwa makosa, na mzee aliyataja kwa sauti ya mtu anayemsomea alama mwanafunzi wa mwisho.

Jumapili moja ya Januari, wanawake wa kanisa walikuja kula kwa Edinah. Nyamongo alionja tonge moja akaisukuma sahani. Aliwaambia wageni kwamba marehemu mkewe asingempa mbwa chakula kile, lakini ndivyo inavyokuwa mwanamume akioa bila kuuliza. Wageni wakainamisha vichwa. Edinah akaiondoa sahani.

Kesho yake Bravin akamleta fundi.

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba, kuta za matofali na juu mabati matupu. Jua la mchana likiwaka, humo ndani kulikuwa tanuri. Bravin alisema joto lile halivumiliki, kwamba anataka lipunguzwe kabla kiangazi hakijakolea. Hakuongeza lingine. Alikuwa mtu wa maneno machache, jambo ambalo baba yake aliliita ujinga wenye adabu.

Nyamongo alicheka hadi akakohoa. Mtu na digrii yake, ana ofisi mjini Kisii, analijengea gari ikulu. Alimsimulia kila aliyepita njiani. Nje ya kanisa aliwaambia wazee wenzake kuwa mwanawe amezaa gari, kwa vile mkewe ameshindwa kuzaa mtoto. Edinah alikuwa amesimama nyuma yake, Biblia mkononi. Nyamongo alimwona, akaendelea.

Hata hivyo, kazi ikifanywa vibaya mbele ya macho yake, alishindwa kukaa kimya. Matundu mengine yakatobolewa chini, upande wa kivuli. Paa lilipopakwa rangi nyeupe mara moja tu, alimrudisha Osoro juu na kumuuliza kama nyumbani kwake huoga shingo akaacha mgongo. Silingi ilipoanza kupigiliwa, alitaka iachiwe nafasi chini ya mabati ili joto likwame huko, na matundu yote yawekewe wavu, panya wasipate njia. Ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, aliamuru upandiwe pasheni itambae hadi juu. Aliyasema yote hayo kwa matusi, na yote yakafanywa. Bravin ndiye aliyekuwa akimfuata kumuuliza.

Siku moja aliyekuja ni Edinah.

"Tata," akamwita, kama baba anavyoitwa kwa Kikisii, "dirisha tuliweke upande gani?"

"Dirisha?" Nyamongo akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Gari litachungulia nini?"

Edinah akaendelea kungoja.

Mzee akasonya. "Upande wa migomba. Upepo unatoka huko. Mmeishi hapa miaka yote na hamjui upepo unatoka wapi."

Kazi ilipokwisha, Nyamongo alibeba kiti akaketi humo jua likiwa utosini, akitafuta kasoro. Baridi ilimpata vizuri hadi akasinzia. Mezani aliwaambia kwamba bila yeye wangelikaanga gari lao kama karanga, na kwamba watu wawili waliosoma wameokolewa na mzee wanayemwona mzigo. Edinah akatabasamu. Nyamongo akamuuliza anachekelea nini, akajibiwa kwamba si kitu, tata, ni kweli umetusaidia.

Jumamosi iliyofuata mzee alikwenda Mosocho kumjulia hali rafiki yake. Aliporudi alasiri alilikuta gari uani, limeegeshwa kwenye jua kali, vioo vimefungwa, boneti hata haigusiki.

Hasira zikampanda. Ndiyo akili yao hiyo, alijiambia. Unawapikia, unawatafunia, na kumeza kunawashinda. Akazunguka nyuma ya nyumba kwa haraka, maneno ya kumwambia Bravin yakiwa tayari mdomoni, akausukuma mlango wa gereji kwa fimbo.

Bravin alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakaza nati ya kitanda. Kilikuwa kitanda cha Nyamongo, kile cha chumba cha kando ya sebule. Makoti yake yalikuwa yametundikwa ukutani kwa mpangilio, redio yake iko dirishani, na picha ya Kwamboka imesimamishwa juu ya meza ndogo. Bravin hakuinua kichwa.

Nyamongo akageuka. Edinah alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, amebeba matandiko.

"Nimekuongezea blanketi la pili, tata," akasema kwa upole. "Usiku humu ndani kuna baridi sana."