Kifo Kisichotabiriwa

Enzi zile kila mtu aliambiwa na mashine siku yake ya kufa, nayo haikuwa imewahi kukosea. Watu waliagana mapema, wakafa bila kelele. Kwa hiyo Nehama alipoangukiwa na mti akafa akitoka kukama ng'ombe, ilhali mashine ilimtabiria uzee, Wayahudi wenzake wa kijiji cha Kasuku waliulizana imekuwaje.

Mama yake, Tirza Wangeci, aliketi sakafuni, nguo imechanwa kifuani kwa desturi yao ya msiba, akisoma kitabu cha Ayubu. Kaka yake Gathungu akaja kumpa pole.

"Dada, mashine haikosei. Huenda mtoto alifanya jambo likamfupishia siku."

Tirza akamsogezea kitabu. "Soma hapa."

Gathungu akasoma jinsi marafiki walivyoketi chini pamoja na Ayubu siku saba bila kumwambia neno, maana waliyaona maumivu yake.

"Na walipofungua vinywa?"

Gathungu akainamisha kichwa. "Walimlaumu."

"Basi kaa nami, kaka. Usiseme."

Akavua viatu, akaketi.

Matanga yalipokwisha, Tirza alikuwa amefika mwisho wa kitabu. Alitafuta sababu, akakuta Mungu alimjibu Ayubu kwa maswali tu, juu ya bahari na nyota na paa wazaao porini.

Asubuhi hiyo Hulda, binti yake mdogo, akaja kuaga aende shule. Naye mashine ilimpa uzee mwema. Tirza akamkumbatia.

"Mama, nitachelewa," mtoto akasema.

Tirza alisikia, lakini mikono ilikataa kumwachia.