Kisaa cha Tanuri

Alama zilikuwa pale pale kwenye simu, pungufu kwa kumi tu kufikia zinazotakiwa na chuo cha biashara. Chini yake swali: angependa kurudia mtihani? Kidole cha binti wa mwoka mikate kikaganda juu ya kioo, kimejaa unga.

"Nirudie tena?" alisema. "Baba, miezi mitatu nimekuunguzia mikate."

Wala hakutia chumvi. Kila alfajiri alikuwa akichukua kile kisaa chekundu cha tanuri na kujifungia nacho stoo, apate kujipima dakika za maswali ya hesabu. Baba, bila cha kupimia muda, alibaki kukisia kwa pua kama mikate imeiva, na pua yenyewe ilikuwa na mafua. Mikate ikawa inatoka imekauka ganda, rangi ya kiatu cha askari.

"Tangu umalize mtihani, mikate inatoka laini," baba alikiri, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Si ndiyo hivyo? Basi niache."

Kabla hajajibiwa, mama mmoja mteja akachungulia dirishani. "Jamani, ule mkate wenu mkavu, unaolia ukiumega, mliuacha kwa nini? Wajukuu wangu wamegoma kula huu laini."

"Wewe ni wa nne leo kuuliza, mama," baba alisema.

Akakitungua kisaa kwenye msumari, akakizungusha mpaka kikaanza kulia tik-tik, akakitumbukiza mfukoni mwa bintiye.

"Haya, stoo," alisema. "Dakika zinakwenda."