Kamba ya Saba

Kuzidisha kwa saba kulimshinda Sikudhani, na Mwalimu Mkuu alishasema kesho anamrudisha darasa la pili. Lakini kwa kuruka kamba, nani amfikie? Basi Bi Mize, mwalimu wake, akasogeza madawati, akashika ncha moja ya kamba ya katani, ya pili akampa Mosi, mwanafunzi mwenzake Sikudhani.

“Saba, kumi na nne, ishirini na moja…” Sikudhani akawa anahesabu na kuruka.

Mwalimu Mkuu akatokea mlangoni. “Hii shule au ngoma? Wewe, achia kamba.”

Mosi akaiachia.

“Kesho haijafika, Mwalimu,” akasema Bi Mize. Akaifunga ile ncha kwenye nondo ya dirisha, mafundo mawili. “Tuliishia wapi, mwanangu?”

“Thelathini na tano.”

Sikudhani akapandisha soksi iliyolegea, akainua mguu, akangoja.