Ombi la Kufuta Kesi

Kasyoka, afisa wa sheria katika ofisi ya msajili wa mahakama, alisoma ombi lililoletwa. Mke wa mwenye duka wa Mji wa Kale alitaka kufuta kesi ya kupigwa na mumewe.

"Umeamua mwenyewe, dada?"

"Ashanisamehe," akadakia mume aliyeketi kando yake. Kiganja chake kilifunika mkono wa mkewe mezani.

"Nimemuuliza yeye, bwana."

Chini ya kiganja kile kitu kikalia ko! Mwanamke hakupiga ukelele, ila machozi yalimchuruzika. Kidole chake cha mwisho kilitokeza kando, kimepinda kama ndoana.

"Nimemsamehe," akanong'ona.

Kasyoka akalirarua lile ombi.

Mume akaruka meza, akamkaba Kasyoka koo. Nyuma yake, mkewe akainua mashine ya chuma ya kutoboa karatasi kwa mkono uliobaki mzima.